Mtihani wa kazi unapima nini? Afisa utumishi, mwanasaikolojia wa kazi na wapakua makaa wa Draper

KILA Mswahili aliyewahi kutafuta kazi huku ughaibuni ataitambua hatua hii. Umejaza fomu, umetuma wasifu wako, umeitwa. Badala ya kuulizwa kama unaweza kuendesha mashine ya kunyanyulia mizigo au kumgeuza mgonjwa kitandani bila kumuumiza, unakalishwa mbele ya kompyuta na kupewa mtihani. Namba zinazofuatana, maneno ya Kiingereza ambayo wenyeji wenyewe hawayatumii, maumbo ya kugeuzwa-geuzwa, na saa pembeni inayohesabu dakika kurudi nyuma. Siku mbili baadaye unapata barua pepe ya kukushukuru na kukutakia kila la heri kwingineko.

Malalamiko haya tumeyasikia kwenye vijiwe, kwenye misiba na kwenye harusi, na karibu kila mara lawama humwangukia mtu mmoja tu: yule wa ofisi ya rasilimali watu, ambaye nyumbani tumezoea kumwita afisa utumishi. Mara nyingine anastahili lawama hizo. Lakini nyuma ya mtihani ule kuna fani mbili, si moja, na watu wengi, hata wenye shahada zao, huzichanganya. Leo tumeona tuzitenganishe, kwa sababu tofauti yake iliwahi kuamua maisha ya wafanyakazi 13 wa kituo cha umeme kule North Carolina, na inaweza kumhusu ndugu msomaji pia.

Fani ya kwanza ni usimamizi wa rasilimali watu. Hii ni kazi ya ofisini ya kila siku: kutangaza nafasi, kuchambua maombi, kuandaa mikataba, mishahara, likizo, bima, nidhamu, na siku ikifika, kukukabidhi barua ya kuachishwa. Anayeifanya anaifanya kwa niaba ya mwajiri. Hata akikuletea keki siku yako ya kuzaliwa, mshahara wake unatoka kwa kampuni na moja ya kazi zake ni kuilinda kampuni, ikiwemo kuilinda dhidi yako. Tunasema hivi bila chuki, ndivyo ajira yake ilivyo.

Fani ya pili ni saikolojia ya kazi na mashirika. Hii ni sayansi, tawi la saikolojia, na zana yake kubwa ni utafiti. Mwanasaikolojia wa kazi haulizi tu tutamwajiri nani. Anauliza: njia hii tunayotumia kuchagua watu, je, inachagua kweli? Mafunzo haya ya wiki mbili yamebadilisha chochote? Zamu za usiku zinawafanya watu wakosee kiasi gani? Anakusanya takwimu, analinganisha, halafu anasema ndiyo au hapana, na mara nyingi jibu lake haliwafurahishi waliomwita.

Hata asili zake hazifanani. Wanaoandika historia ya ofisi za utumishi Marekani hupenda kuanzia na kampuni ya National Cash Register ya Dayton, Ohio, iliyofungua idara ya kushughulikia wafanyakazi baada ya mgogoro mkali wa kazi mwaka 1901. Yaani ofisi ilizaliwa na mgomo. Saikolojia ya kazi kwa upande wake ilitoka maabara. Hugo Münsterberg, Mjerumani aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Harvard, alitengeneza kifaa cha kupima namna madereva wa tramu za Boston wanavyoweza kufuatilia mambo mengi barabarani kwa wakati mmoja, akitafuta kujua nani ana hatari ya kugonga watu. Aliyaeleza katika kitabu chake cha Kiingereza cha mwaka 1913. Swali lake lilikuwa lile lile linaloulizwa hadi leo: alama za kwenye kifaa zinafanana na utendaji wa mtu barabarani, au ni alama tu?

Kituo cha umeme kando ya mto Dan

Sasa twende Draper. Ulikuwa mji mdogo wa North Carolina, na mwaka 1967 uliunganishwa na miji jirani ukawa mji unaoitwa Eden. Kando ya mto Dan, kampuni ya Duke Power ilikuwa na kituo cha kuzalisha umeme kwa makaa ya mawe kilichoitwa Dan River. Wafanyakazi walikuwa 95. Kati yao 14 walikuwa weusi.

Kituo kilikuwa na idara tano: vibarua, upakuaji wa makaa, uendeshaji wa mitambo, matengenezo, na maabara. Weusi wote 14 walikuwa idara ya vibarua. Humo, kibarua aliyelipwa zaidi ya wenzake wote alipata chini ya mzungu aliyelipwa kidogo kabisa katika idara nyingine nne. Wala haikuwa siri, ndiyo iliyokuwa sera.

Mwaka 1955 kampuni iliweka sharti la cheti cha sekondari kwa kila anayeajiriwa idara yoyote isipokuwa ya vibarua, na kwa kila anayetaka kutoka upakuaji wa makaa kwenda idara za ndani. Wazungu waliokuwa wameshaajiriwa bila cheti waliendelea na kazi zao, walizifanya vizuri, na walipandishwa vyeo kama kawaida. Sharti liliwahusu wanaokuja, si wao.

Halafu ikaja Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964. Sehemu yake ya saba, inayokataza ubaguzi katika ajira, ilianza kutumika tarehe 2 Julai 1965. Tarehe hiyo hiyo, 2 Julai 1965, Duke Power ilitangaza kwamba anayetaka kuajiriwa upya nje ya idara ya vibarua sasa atatakiwa kuwa na cheti na pia kufaulu mitihani miwili. Msomaji ataamua mwenyewe kama tarehe hizo zilikutana kwa bahati.

Septemba mwaka huo kampuni ikalegeza kidogo kwa wale waliokuwa kazini tayari: asiye na cheti angeweza kuhamia idara za ndani kama angefaulu mitihani yote miwili. Mmoja uliitwa Wonderlic, maswali 50 kwa dakika 12, mtihani wa akili kwa ujumla. (Wapenzi wa mpira wa Kimarekani wataukumbuka, kwani ligi ya NFL iliutumia kwa miongo mingi kuwapima vijana wanaoingia, hadi ilipoachana nao mwaka 2022.) Wa pili uliitwa Bennett, mtihani wa kuelewa mitambo kwa kutazama michoro. Alama za kufaulu zilikuwa karibu na alama za katikati za wahitimu wa sekondari nchi nzima. Maana yake ni kwamba karibu nusu ya watu wenye cheti cha sekondari wangefeli. Mlango wa pembeni ulikuwa mwembamba kuliko mlango wa mbele.

Na hata mlango wa mbele haukufunguka kwa kila mwenye ufunguo. Mweusi wa kwanza kutolewa idara ya vibarua alihamishiwa upakuaji wa makaa Agosti 1966, miezi mitano baada ya wenzake kufungua malalamiko serikalini. Alikuwa mhitimu wa sekondari, na alikuwa idara ya vibarua tangu mwaka 1953. Cheti alikuwa nacho. Miaka 13 hakuna aliyekiona.

Kati ya wale 14, watu 13 walikwenda mahakamani. Kesi ikachukua jina la mmoja wao, Willie Griggs, na hadi leo wanasheria na wanasaikolojia wa kazi duniani wanaiita kwa jina hilo: Griggs dhidi ya Duke Power.

Nia njema haikutosha

Hapa ndipo hadithi inapokuwa ngumu, na ndipo tunapotaka msomaji atulie. Mahakama za chini hazikuona kwamba kampuni iliweka cheti na mitihani ile kwa nia ya kibaguzi. Mahakama ya Rufani iliwapa nafuu baadhi tu ya walalamikaji. Kampuni ilikuwa hata na mpango wa kuwalipia wafanyakazi wasiosoma theluthi mbili ya ada ili wamalizie sekondari. Ofisi ya utumishi ya siku hizi ingeweza kuweka mpango kama huo kwenye tovuti yake kwa fahari.

Mitihani yenyewe haikuwa ya kubuni mtaani. Ilitungwa na wataalamu, iliuzwa na kutumika Marekani nzima. Tena kila mtu alipewa mtihani ule ule, kwa dakika zile zile, na alama zikasahihishwa bila kutazama rangi. Kwa macho ya ofisi, haki imetendeka.

Makamu wa rais wa kampuni alipoulizwa sababu, alieleza kwamba waliona masharti hayo kwa ujumla yangeinua ubora wa wafanyakazi. Waliona. Hakukuwa na utafiti wa maana uliofanywa kuonyesha kwamba mwenye cheti, au mwenye alama nyingi za Wonderlic, anafanya kazi ya kituo cha umeme vizuri kuliko asiye nazo. Na ushahidi uliokuwepo ulielekea kinyume, kwa sababu wale wazungu wa zamani wasio na cheti walikuwa wanaendesha mitambo na kupanda vyeo mbele ya macho ya kila mtu.

Tarehe 8 Machi 1971 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu, majaji wanane kwa sifuri. Aliyeiandika ni Jaji Mkuu Warren Burger, aliyeteuliwa na Rais Nixon, mtu ambaye hakuna aliyemwita mwanamapinduzi. Alisema, kwa maneno yetu, kwamba sheria inatazama matokeo ya sharti na si nia ya aliyeliweka tu. Sharti likiwafungia nje watu weusi wengi kuliko wengine, mwajiri ndiye anayepaswa kuonyesha kwamba linahusiana na kazi. Akakumbusha ngano ya zamani ya mbweha na korongo: kumwekea kila mmoja maziwa si usawa kama chombo kinamfaa mwenye mdomo mfupi peke yake.

Takwimu zilikuwa wazi. Katika sensa ya mwaka 1960, wanaume weupe waliomaliza sekondari North Carolina walikuwa asilimia 34, weusi asilimia 12. Katika shauri lingine lililopitia tume ya serikali inayosimamia usawa katika ajira, ijulikanayo kwa kifupi EEOC, seti ya mitihani iliyojumuisha hii miwili ilifaulisha asilimia 58 ya weupe na asilimia 6 ya weusi. Shule za North Carolina zilikuwa zimetengwa kwa rangi kwa vizazi. Mtihani ulipima shule uliyosomea, halafu ofisi ikasoma alama hizo kama uwezo wa kuendesha mtambo.

Kwa hiyo tofauti ya fani zetu mbili ilikuwa imelala ndani ya jalada la kesi moja. Ofisi ya utumishi ilikuwa na kanuni, na kanuni ilitumika sawasawa kwa wote. Mwanasaikolojia wa kazi angeuliza swali moja lililorukwa: mmepima? Kipimajoto ni chombo kizuri sana, lakini fundi cherehani hawezi kukatia nacho suruali.

Kupima kipimo

Swali hilo lina namna yake ya kujibiwa, na si uchawi. Kwanza mtafiti anakwenda kazini. Anasimama na wapakua makaa, anaangalia wanachofanya toka zamu inaanza hadi inaisha, anauliza nini kinamtofautisha hodari na mvivu, anaandika. Hii huitwa uchambuzi wa kazi, na bila hiyo vyote vinavyofuata ni kubahatisha. Kisha mtihani unatolewa kwa waombaji, lakini alama zinafungiwa kabatini bila kutumika kuchagua mtu. Miezi kumi na miwili baadaye utendaji wao unapimwa, na kabati linafunguliwa. Kama waliopata alama za juu ndio wanaofanya kazi vizuri, mtihani una uhalali kwa kazi ile. Kama hakuna uhusiano, unatupwa, hata kama umenunuliwa kwa bei kubwa.

Ni wazi kwa nini ofisi nyingi hazipendi njia hii. Ni ndefu, ina gharama, na inahitaji watu wengi kuliko 95 wa Dan River ili takwimu zizungumze kwa sauti inayoaminika. Zaidi ya yote, inaweza kumwonyesha bosi kwamba kipimo alichokipenda miaka yote hakina maana.

Baada ya Griggs kazi ya wanasaikolojia hawa iliongezeka ghafla, kwa sababu makampuni yalihitaji ushahidi. Mwaka 1978 serikali ya Marekani ilitoa mwongozo wa pamoja juu ya taratibu za kuchagua wafanyakazi, na ndani yake kulikuwa na kanuni maarufu ya nne ya tano. Chukua mfano: katika kila weupe 100 walioomba wamechukuliwa 50. Weusi wakichukuliwa chini ya 40 katika kila 100, kengele inalia na mwajiri anatazamiwa kueleza. Kengele haisemi kuna hatia, inasema njoo na utafiti wako.

Wazo lenyewe halikubaki Marekani. Uingereza iliingiza ubaguzi usio wa moja kwa moja katika sheria zake za mwaka 1975 kuhusu jinsia na 1976 kuhusu rangi, na leo umo katika Sheria ya Usawa ya mwaka 2010. Nyumbani nako umo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, namba 6 ya mwaka 2004, inakataza ubaguzi wa moja kwa moja na usio wa moja kwa moja. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inasema vivyo hivyo. Maneno hayo madogo, usio wa moja kwa moja, yana ukoo wa karibu na kesi ya wale watu 13 wa Draper.

Tafiti zinasema nini

Mwaka 1998 watafiti Frank Schmidt na John Hunter walikusanya matokeo ya tafiti za miaka 85 juu ya njia za kuchagua wafanyakazi. Mwaka 2022 kundi lililoongozwa na Paul Sackett lilirudia hesabu hizo kwa uangalifu zaidi na kuona kwamba nyingi zilikuwa zimekuzwa. Tumia mizani ambayo 0 ni sawa na kurusha shilingi na 1 ni kutabiri bila kosa. Usaili wenye maswali yaliyopangwa, ambapo kila mwombaji anaulizwa maswali yale yale yanayohusu kazi na majibu yanapewa alama kwa kipimo kilichowekwa mapema, ulipata 0.42 na kuwa wa kwanza. Mtihani wa ujuzi wa kazi yenyewe ulipata 0.40, kumpa mtu sampuli ya kazi aifanye 0.33, mtihani wa akili kwa ujumla 0.31.

Usaili wa kupiga soga, ule wa tuambie kuhusu wewe mwenyewe, halafu mpira, halafu umetoka nchi gani, ulipata 0.19. Ndio unaopendwa na mabosi wengi, kwa sababu kila bosi anaamini ana jicho. Na miaka ya uzoefu, ile inayoandikwa kwenye kila tangazo la kazi kuanzia Dar es Salaam hadi Dubai? 0.07. Karibu na kurusha shilingi. Vijana wetu wangapi wamerudishwa mlangoni kwa sababu ya uzoefu wa miaka mitano?

Nyumbani tatizo lina sura yake. Juni 2014 picha za Uwanja wa Taifa jijini Dar es Salaam zilizunguka dunia: vijana zaidi ya 10,000 waliojitokeza kwa usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Watu walicheka, wengine walilia. Swali la mwanasaikolojia wa kazi ni la kiufundi tu na ni zito. Ukiwa na watu 10,000 na nafasi 70, utamkata nani kwanza na kwa kigezo gani? Kwa wingi huo hata kigezo kibovu kitakuletea watu 70, na watu 70 wale wataripoti kazini, na hakuna atakayejua kamwe kama waliobaki uwanjani walikuwa bora. Ndiyo maana kigezo kibovu huishi miaka mingi. Makosa yake hayarudi ofisini kulalamika.

Huku ughaibuni kuna utafiti mwingine unaotugusa. Mwaka 2004 wachumi Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walichapisha matokeo ya kutuma karibu wasifu 5,000 wa kubuni kwa waajiri wa Boston na Chicago. Sifa zilikuwa zinalingana, majina tu ndiyo yaliyotofautiana: mengine ya kizungu, mengine ya Wamarekani weusi. Wenye majina ya kizungu waliitwa mara moja katika kila maombi 10 hivi, wenye majina ya weusi mara moja katika kila 15. Utafiti mkubwa zaidi wa Patrick Kline na wenzake ulituma maombi yapatayo 83,000 kwa makampuni 108 makubwa ya Marekani. Uliona pengo bado lipo, na kwamba sehemu kubwa yake ilitoka kwa makampuni machache, huku mengine yakiwa hayana tofauti ya kuonekana. Sisi tunaliona hilo kuwa habari njema kwa kiasi fulani. Kama baadhi ya makampuni yanaweza kuita watu bila kuwabagua kwa majina, basi ubaguzi huo si hali ya hewa.

Wanasaikolojia nao si malaika

Tusije tukampamba mtafiti kupita kiasi. Naye hulipwa na mtu, na mara nyingi ni mwajiri yule yule. Historia ya fani yake ina madoa ambayo sisi wahamiaji tunapaswa kuyajua.

Marekani ilipoingia Vita vya Kwanza vya Dunia mwaka 1917, wanasaikolojia wakiongozwa na Robert Yerkes walitunga mitihani ya akili kwa jeshi, na askari wapatao milioni 1.7 walipimwa. Mwaka 1923 Carl Brigham alizitumia alama hizo kudai kwamba wahamiaji kutoka kusini na mashariki ya Ulaya wana akili ndogo kuliko watu wa kaskazini. Wengi wa waliopimwa hawakukijua Kiingereza vizuri na walikuwa na miaka michache nchini. Brigham mwenyewe aliyakana madai yake kwa maandishi mwaka 1930, lakini mlango wa uhamiaji ulikuwa umeshabanwa na sheria ya 1924. Makosa ya Duke Power yalikuwa yameshafanywa mara moja na wataalamu wenyewe, miaka arobaini kabla, kwa ukubwa wa taifa.

Kuna pia zile tafiti maarufu za kiwanda cha Hawthorne cha Western Electric, karibu na Chicago, zilizoanza mwaka 1924. Kila kozi ya utumishi inazifundisha: wafanyakazi waliongeza uzalishaji taa zilipoongezwa mwanga, na pia zilipopunguzwa, kwa sababu walijua wanatazamwa. Hadithi ni tamu kuliko takwimu. Data za majaribio ya taa zilipochambuliwa upya na wachumi Steven Levitt na John List, ile ajabu inayosimuliwa darasani haikuonekana wazi. Vyuo havijaacha kuisimulia.

Siku hizi mtihani wa karatasi umehamia kwenye kompyuta, na mara nyingine ni mchezo wa kubonyeza rangi, au video unayojirekodi na programu ikaipa alama. Jiji la New York tangu Julai 2023 linawataka waajiri wanaotumia programu za namna hiyo kuzifanyia ukaguzi wa upendeleo. Swali halijabadilika hata herufi: alama za mchezo ule zinahusianaje na kazi ya ghala?

Kwa upande wa sheria, upepo wa Washington umegeuka. Bunge la Marekani liliiandika kanuni ya Griggs katika sheria mwaka 1991, baada ya Mahakama ya Juu kuidhoofisha mwaka 1989. Lakini tarehe 23 Aprili 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri inayoziagiza idara za serikali kuyapa kisogo mashauri yanayotegemea matokeo peke yake bila nia. Amri ya rais haifuti sheria ya bunge, na mfanyakazi binafsi bado anaweza kwenda mahakamani, ila asitegemee sana kwamba serikali itambebea kesi.

Kwa hiyo kama umepewa mtihani usioelewa unahusiana vipi na kazi uliyoomba, unaweza kuuliza kwa adabu na kwa maandishi: unapima nini, na umethibitishwa kwa kazi hii? Kama Kiingereza chako ni cha kawaida na kazi ni ya kubeba maboksi, uliza kwa nini msamiati. Weka nakala ya tangazo la kazi, andika tarehe ya mtihani, tunza ile barua pepe ya kila la heri. Ofisi ya utumishi inaweza isikujibu, lakini barua uliyoandika inabaki, na afisa mwenye busara ataipeleka kwa aliyewauzia mtihani.

Sheria ile ya 1964 inawahusu waajiri wenye wafanyakazi 15 na kuendelea. Malalamiko kwa EEOC yanatakiwa ndani ya siku 180 tangu tukio, au siku 300 pale ambapo jimbo au mji una chombo chake kinachosimamia sheria ya namna hiyo. Hayalipiwi, na huhitaji wakili kuyawasilisha.